Marekebisho ya Fundi Luhende

Watu wakimsifu Luhende mbele yangu huwa natafuta sababu ya kuondoka. Si kwamba sifa zenyewe ni za uongo. Mlevi hakuwa, mwizi hakuwa, na mtumbwi akiuandika namba leo, rangi inadumu hadi mbao zianze kuoza. Ila mimi najua alichofanya, na najua kwamba ni mimi niliyempeleka mahali alipokifanyia.

Luhende alizaliwa Usagara, kwa wafugaji, akaja hapa Kirumba, Mwanza, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Kibao chake cha kwanza kilikuwa cha kinyozi, na kikampa jina. Baada ya hapo akaandika mabasi, baa, bucha, kuta za shule za chekechea, na mitumbwi yote ya Mwaloni, soko letu la samaki ufukweni, iliyotaka jina zuri. Ukiona herufi zenye kivuli cheusi upande wa kulia, ujue ni yeye. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango. Mtu anatuma picha kwa simu asubuhi, jioni anatundika bango lake, na mchoraji hajaitwa. Ndani ya miaka michache Luhende akabaki na namba za mitumbwi tu, na hasira. Tulikuwa tunapakana ukuta. Hasira yake niliisikia hata katika namna alivyofunga mlango.

Kuna kisa alichopenda kukisimulia. Ujanani alichora ng'ombe wa baba yake wakinywa maji, akaupeleka mchoro kwenye mashindano mjini. Jaji mmoja akamwambia pembe ni ndefu mno, azipunguze ndipo mchoro upokewe. Luhende akauchana vipande vipande mbele ya yule jaji, akapanda gari akarudi kwao. "Mchoraji wa kweli harekebishwi," alikuwa akimalizia, na usimkatize.

Mimi ni karani wa jiji. Naandika mihtasari ya vikao na kuchapa barua. Mwaka juzi wanafunzi wa sekondari moja ya hapa walitoa zawadi ya michoro mitano kwa ajili ya ukumbi mpya wa mikutano wa jiji. Utadhani zawadi ni kusema asante na kupokea. Sivyo. Kitu kikishatundikwa ukutani pale ni mali ya jiji, lazima kitunzwe, na siku wakubwa wakiuliza kimefikaje, mtu ajibu. Ikaundwa kamati ya watu watano kuamua kama ipokewe. Mwenyekiti alikuwa Mama Teodora, mwalimu mstaafu, mtu wa haki lakini mwenye haraka. Akasema, "Hapa hatuna anayejua rangi. Tutafutieni fundi." Nikanyoosha mkono, nikamtaja jirani yangu. Nilimwonea huruma. Nilitaka apate japo siku moja ya kuitwa mtaalamu.

Michoro ililetwa kwenye chumba cha mikutano, imechorwa juu ya plaiwudi. Minne ilikuwa ya kawaida: mawe, samaki, soko, na twiga ambaye sijui alifuata nini Mwanza. Wa tano ulinisimamisha. Wanawake wanaanika dagaa mchangani asubuhi ya mawingu, na ziwa nyuma yao lina ile rangi ya kijivu inayoelekea udongo, ambayo kila mtu wa hapa anaijua na hakuna niliyewahi kumwona akiipaka. Mbele, mwanamke mmoja ameinua uso. Jicho la kushoto ni dogo kidogo kuliko la kulia. Midomo imefumbwa, si kwa hasira, ni kama mtu aliyekumbuka jambo na hataki kukatizwa. Nilimtambua papo hapo. Alikuwa Mama Agutu, niliyenunua kwake dagaa pale Mwaloni miaka sita, na aliyefariki mwaka uliotangulia.

Aliyemchora ni binti yake, Agutu, wakati huo kidato cha tatu. Barua ya mwalimu wake, Mwalimu Venant, ilieleza yote. Simu yenye picha za mama iliuzwa wakati wa kumuuguza. Picha ya kadi ya kura ilifutwa na maji ya samaki, kwa kuwa mama aliifunga kwenye pindo la kanga na kuingia nayo kazini. Uso ule kwenye plaiwudi ndio pekee uliobaki. Binti aliutoa kichwani mwake kwa miezi minne, na sasa anautoa kwa jiji kwa sababu nyumbani kwao kunavuja na anataka mama akae pakavu. Barua hiyo niliisoma kwa sauti mbele ya kamati. Luhende alikuwepo, amevaa shati la kanisani, na alisikia kila neno.

Alisimama mbele ya ule mchoro muda mrefu. Mzee Maige, mjumbe aliyekaa karibu na dirisha, akamtania, "Fundi, mbona umeganda?" Luhende akaomba dakika tano, akatoka. Nikamfuata barazani na glasi ya maji.

"Rozina," akaniambia, "yule mtoto amepata rangi ya maji. Mimi naitafuta mwaka wa thelathini huu."

"Basi kaseme hivyo ndani."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nikisema hivyo, watawaita watoto waje wapambe ukumbi mzima. Kuta zote zile, Rozina! Mimi nibaki na namba za mitumbwi mpaka nife?"

Nilijua basi anachokwenda kufanya. Nikapokea glasi, nikarudi ndani, nikashika kalamu.

Luhende alizungumza vizuri, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Alisema michoro minne haina neno, ila wa tano una kasoro nne. Ziwa ni la bluu, kila mtu anajua, kwa hiyo lipakwe bluu. Watu wazungushiwe mstari mweusi, waonekane kutoka mbali. Angani kuna nafasi imelala bure, iandikwe KARIBU MWANZA.

"Na huyu mama acheke," akamalizia. "Aonyeshe meno. Macho yake pia yalinganishwe. Mgeni aingie ukumbini apokelewe na mtu aliyenuna?"

Mzee Maige akasema, "Lakini ndivyo watu tulivyo asubuhi, bwana."

"Mzee wangu, umewahi kuona bango la mtu aliyenuna?"

Wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe. Mama Teodora akatazama saa, akauliza kama kuna pingamizi, halikuwepo. Ikaamuliwa: minne ipokewe ilivyo. Wa tano upokewe ukisharekebishwa kama alivyoelekeza mtaalamu, la sivyo urudishwe kwa mwenyewe. Barua niliichapa siku hiyo hiyo.

Jioni Luhende alinisimamisha uani, amechangamka. "Usinitazame hivyo. Hatarekebisha. Mwenye mkono kama ule harekebishi! Atabeba ubao wake arudi nao kwao, uso wa mama yake uko salama, na mimi nina ukuta. Nani ameumia hapo?"

Kweli aliamini. Alimpima mtoto yule kwa kipimo chake mwenyewe, cha kijana aliyechana ng'ombe mbele ya jaji. Hakujua malezi ya nyumba ya Oyoo. Oyoo, baba yake Agutu, ni mvuvi aliyetoka mkoani Mara na wanawe watano, na kwake mkubwa akikuonyesha kosa unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakwenda kulitengeneza. Agutu hakuona tusi lolote katika barua ile. Aliona fundi mzima wa jiji ameacha kazi zake, ameukagua mchoro wake na kumfundisha bure.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Mwaloni natafuta sato. Luhende alikuwa amechuchumaa kando ya mtumbwi, anaandika namba, na vijana kadhaa wamemzunguka wakimtania: fundi wa jiji, mtaalamu, mheshimiwa. Nikamwona Agutu anakuja, ubao kichwani juu ya ngata, shingo imenyooka. Akautua, akapiga goti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Nimekuja unielekeze. Maji nimeshapaka bluu, mistari nimeweka, maandishi nimeyaweka. Hapa kwenye meno ndiyo nimeshindwa. Mama alikuwa hachekagi kwa meno, kwa hiyo sijui yalikaaje."

Vijana wakasogea kuuona. Luhende alitazama ule ubao. Ziwa lilikuwa limeshakufa, limekuwa bluu ya mlango wa duka. Lakini uso ulikuwa bado haujaguswa, na ulimtazama. Nilisogea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Luhende, mwambie." Neno moja lingetosha. Angesema tu, acha, umetosha hivyo, na hakuna mtu wa kamati ambaye angekuja na rula kupima meno.

Kijana mmoja akasema, "Fundi wa jiji, toa darasa basi!"

Nilimwona akinyanyua mabega. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa vifaa, akatoa kipande cha msasa.

"Kwanza usugue," akasema. "Rangi mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani."

Agutu akapokea kwa mikono miwili. Alianza na midomo. Alisugua taratibu, anapuliza unga, anasugua tena, na kila baada ya muda anauliza, "Imetosha, fundi?" Luhende anajibu, bado, ongeza kidogo. Ikaja zamu ya jicho la kushoto. Binti alisita hapo, akaweka kidole juu yake, nikadhani atakataa. Kumbe alikuwa anapima ukubwa. Akalisugua. Halafu Luhende akampa brashi yake mwenyewe, ile nyembamba ambayo hakuwahi kumwazima mtu, akamshika mkono na kumwonyesha meno yanavyopangwa: mawili makubwa katikati, mengine yanapungua kwenda pembeni. Vijana wakapiga makofi.

Mimi nikachukua samaki wangu nikaondoka. Ningeweza kupiga kelele pale. Nilijiambia barua ina sahihi ya mwenyekiti na mimi ni karani tu, mkataba wangu wa mwaka. Nilikuwa mwoga, na jina jingine la hali ile sijalipata mpaka leo.

Mchoro ulipokewa kwa sherehe. Chini yake kikapigiliwa kibao kidogo: Agutu Oyoo, Mwelekezi Fundi Luhende. Mama Teodora akasema ama kweli mtaalamu ni mtaalamu, sasa mama anapendeza. Agutu akasimama na sare yake iliyopigwa pasi, akamshukuru fundi mbele ya watu wote, akasema bila yeye asingejua makosa yake. Luhende alipigiwa makofi, akapungia mkono. Nilitafuta aibu usoni mwake, na kama ilikuwepo aliificha vizuri. Oyoo alikaa kiti cha nyuma, kofia mapajani. Alimtazama mke wake akicheka kule ukutani, kisha akainamisha kichwa na hakukiinua tena hadi watu walipoanza kutoka.

Kuta za ukumbi hazikuchorwa na mtu. Zilipakwa rangi nyeupe ya maziwa kuanzia mlangoni hadi jukwaani, basi. Luhende akapewa milango ya vyoo aandike WANAUME na WANAWAKE.

Alikuwa kwenye kazi hiyo, mwaka huu, siku Agutu alipokuja. Amemaliza kidato cha nne, amerefuka. Aliniomba nimfungulie ukumbi amwone mama. Nikamfungulia. Alikaa humo karibu nusu saa, akatoka, akamkuta Luhende mlangoni na kopo la rangi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeona? Rangi bado iko vilevile."

"Nimeona, fundi. Nina shida moja." Alisema kwa adabu, kama mtu anayeomba maji. "Nikifumba macho siku hizi namwona huyu wa ukutani. Yule mwenyewe haji tena. Nimejaribu kumchora nyumbani, mkono unaniletea huyu anayecheka. Baba naye anasema kwake ni hivyohivyo, kwa hiyo ameacha kuja. Wewe ulikuwa unamwona kila siku pale Mwaloni. Naomba unichoree, hata kwa penseli."

Luhende akaweka kopo chini. Nikamletea karatasi na penseli ya ofisini. Aliiegemeza ukutani, akachora. Agutu akatazama, akatikisa kichwa. Akageuza karatasi, akachora tena, jasho linamtoka kwenye nywele zake nyeupe. Mara ya tatu penseli ikavunjika akiwa anamalizia. Sura zote tatu zilikuwa safi, zenye mistari iliyonyooka, na hakuna mtu ndani yake. Miaka yote aliyokaa Mwaloni alitazama mbavu za mitumbwi.

"Si yeye, fundi," Agutu akasema. "Lakini asante."

Luhende akainama akachukua kopo, akarudi kwenye mlango wake, na kwa mara ya kwanza nikaona mstari wake umepinda.

Binti akanigeukia mimi. "Mama Rozina, wewe ulikuwa mteja wake miaka mingi. Alikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Najua maneno, nimeshayaandika hapo juu: jicho dogo, midomo iliyofumbwa. Maneno hayo hata yeye anayo. Nikautafuta uso wenyewe, nikautafuta kule nilikosimama mara mia na bakuli langu nikisubiri kupimiwa, na mwanamke aliyegeuka kunitazama alikuwa anacheka, meno mawili makubwa katikati, macho yamelingana.

Nikamwambia alikuwa mtu mzuri sana.