Vijiti Chini ya Meza

Barabara mpya ilipopasua msitu, kile kichaka chenye maua meupe kilikwenda na magogo. Kilikuwa kimoja tu, kifupi, kibichi mwaka mzima, kimejibanza chini ya miti mikubwa kama mtoto nyuma ya gauni la mama yake. Harufu yake humsimamisha mtu njiani akasahau aendako. Mkaza mwana wa mwenye kitalu cha miche aliwahi kuokota matawi kabla tingatinga halijarudi. Yakifa haya, basi tena.

Alichomeka vijiti kwenye mifuko ya udongo, akavipanga kivulini, chini ya meza ya kazi. Vikaanza kunyauka kimoja kimoja.

"Wifi, umeotesha kuni?" dada wa mumewe akamcheka.

Asubuhi moja, mkaza mwana akinyonyesha nyuma ya mlango, alimwona mama mkwe ameinama chini ya meza. Mama huyo akavuta kijiti kimoja taratibu, akachungulia mizizi, akatikisa kichwa, akakirudisha. Akahamia cha pili.

Kumbe! Kila mzizi uliotaka kushika, hamu ya mtu mzima iliukata.

Afanyeje? Mkwe hakaripiwi. Na akinyamaza, vijiti vimekwisha. Aliwaza mpaka mtoto akashiba, kisha akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vijiti vyako vimegoma."

"Havijagoma, mama. Kuna mtu anaving'oa kuchungulia. Udongo umelegea wote."

Mama mkwe akakohoa. "Watu hawana adabu!"

"Ndiyo nakuomba uvilinde wewe. Mimi nani atanisikiliza? Ukikaa hapo, hata kuku hasogei."

Mama mkwe alimkazia macho kitambo. Halafu akaenda kuchukua kigoda.

Tangu hapo, wifi akiinama kuchukua ndoo tu, anafokewa: "We! Macho yanatosha, mikono kaa nayo!"

Vijiti vikashika. Vikatoa majani mazito yanayong'aa, vikanenepa vikawa vichaka, na mvua zilipokuja vikachanua vyote kwa pamoja. Harufu ikaruka ukuta. Waendesha baiskeli wakashuka, na mafundi wa barabara wenyewe wakaja, kofia mkononi, kuulizia mche.

"Mkaza mwana wangu ndiye aliyeufufua!" mama mkwe akawatangazia, kifua mbele. "Ila sharti moja: panda kivulini, umwagilie, uuache! Mwenye hamu ajifunge mikono."

Mkaza mwana, amezungukwa na maua hadi kiunoni, alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni.