Baraza Bila Ua

Nilijifunza kuchora ramani kwa vitabu vya maktaba, nikiwa na rula ya plastiki na kifutio kilicholika upande mmoja. Kwa hiyo meneja wa nyumba zetu za kupanga kule Fridley, Marekani, alipowaomba wapangaji mawazo juu ya uwanja mtupu uliokuwa katikati ya majengo, nilirudia mchoro mmoja mara kumi na tisa. Alitaka mahali ambapo sisi Watanzania, Wakenya, Wasomali na Wamarekani tungekaa pamoja. Nikampa baraza: viti viwili virefu vya zege vinavyotazamana, njia ikipita katikati. Akaupenda mchoro, akautundika ofisini. Viti vilipojengwa nilipima kila kona kwa futi kamba, nikafurahi kwamba hakuna iliyopinda.

Wiki ya pili, dada yangu, ambaye nilikuwa nikiishi kwake, alianza kufua kwa mkono bafuni. Nilidhani mashine za kufulia za wapangaji zimeharibika. Hapana, alisema, zinafanya kazi, ila ziko jengo la pili, na njia ya kwenda huko ni ile moja inayopita katikati ya baraza. Kila jioni baraza lilijaa wanaume. Yeye, ametoka zamu ya kuwahudumia wazee, apite na kapu la nguo, shikamoo kulia, shikamoo kushoto, aulizwe habari za nyumbani huku sidiria ziko juu ya kapu.

“Kwetu baraza liko mbele na ua uko nyuma,” aliniambia. “Wewe umetuletea mbele tu. Ua wetu uko wapi, fundi?”

Nimekulia uani, kati ya kamba za nguo za mama. Katika michoro yote kumi na tisa sikuwahi kujiuliza mwanamke atapita wapi. Ningeweza kumwambia meneja, lakini sikutaka kutamka neno “nimekosea”, na zege halifutiki kwa kifutio.

Jumamosi nililibeba kapu mwenyewe, nimelifunika kwa kanga. Nilikusudia kupita haraka. Mkenya mmoja akanyoosha mguu njiani.

“Fundi, unatupita kama mwenye nyumba? Keti.”

Nikaamkia kulia, nikaamkia kushoto, nikaketi, kapu mapajani, mikono yote miwili ikiibana kanga isipeperuke. Wakasifu jinsi viti vilivyonyooka. Juu, dirishani kwetu, dada alikuwa amesogeza pazia, akingoja kuona kama nitawaambia kwamba nimekosea.

Nikawashukuru.