Walikupima na Nini

Cheo cha udaktari, ambacho watu huvuka bahari kukisomea miaka mitano, mimi nilipewa kijijini Chepsaita siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijanywa chai. Nilikuwa nimevaa koti jeupe na kushika laktomita, na kwa wafugaji wa pale hayo mawili yalitosha. Nilijaribu kueleza kwamba nina digrii moja tu, ya kemia, na kwamba sijawahi kutibu hata paka. Walinisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akauliza daktari anaonaje zile kwato za ng'ombe wake.

Kazi yangu ilikuwa kupima maziwa kwenye kituo cha chama cha wafugaji. Kufika saa kumi na mbili asubuhi foleni ya mitungi ilikuwa imeshafika barabarani. Mtu akifika mbele nanusa maziwa yake, natumbukiza laktomita kuona kama ameongeza maji, halafu nachanganya maziwa kidogo na spiriti kidogo kwenye kijichupa cha glasi. Yakibaki laini yanaingia kwenye tangi la baridi. Yakifanya chembechembe yanarudi nyumbani. Pembeni yangu alikaa karani, mzee mmoja kutoka upande wa Magharibi, mwenye kitabu kikubwa na maneno machache. Mimi nikisema hapana, yeye anachora mstari. "Lete tena kesho," namwambia mtu, na kumwita anayefuata. Hakuna aliyemaliza dakika mbili mbele yangu, na nilijivunia wepesi huo, Mungu anisamehe.

Mwaka huo na mimi nilikuwa kwenye foleni. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimepeleka maombi kwa vyuo vikuu vitano vya Amerika, nikasomee uzamifu wa kemia. Nilitaka kwenda. Nilitaka mpaka chakula kikawa hakina ladha, na mpaka nikamchukia kila mtu aliyeniambia kwamba subira huvuta heri. Waliniambia wengi.

Mama yangu yeye hakuwa na habari ya kungoja. Nilikuwa nikilala Chepsaita siku za kazi, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la dawa za mifugo, na Jumamosi narudi kwake Kapsoya. Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza nikakuta amenunua koti la mtumba, zito, lenye manyoya shingoni, refu la kufika kwenye visigino, amelitundika sebuleni kwenye msumari wa kalenda. Wageni waliokuja walilisalimia koti kwanza. Wakiuliza kama nimepata chuo, alijibu kwamba koti liko tayari.

Jibu la kwanza lilikuja mwishoni mwa mwezi huo. Amerika hufanya kazi sisi tukiwa tumelala, kwa hiyo habari zangu zote zilinikuta asubuhi, simu ikiwa juu ya tangi na foleni ikiwa mbele yangu. Walisema wamepokea maombi mengi ya watu wenye uwezo wa hali ya juu, wengi kuliko nafasi walizo nazo. Walisema wamevutiwa na safari yangu. Walisikitika, wakanitakia mafanikio kwingineko. Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali wanaposema nilichokosea, nisipaone. Hasira iliyonipanda ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi kwa mkono uliovaa glavu.

Aliyekuwa mbele yangu wakati huo alikuwa baba mmoja mwenye pikipiki ambaye kila Jumatatu maziwa yake yalikuwa na maji. Siku hiyo yalikuwa na maji mengi. Badala ya kumwambia alete kesho, nilimwambia kwamba tumepokea maziwa mengi ya hali ya juu asubuhi hii, kuliko nafasi tuliyo nayo kwenye tangi. Nikamwambia tumevutiwa na safari ya maziwa yake, tunasikitika, na tunayatakia mafanikio kwingineko.

Yule baba akamgeukia karani. "Anasema nini?"

"Anasema umeweka maji," karani akasema bila kuinua kichwa.

"Si angesema tu," akasema, akafunga mtungi wake, akaenda zake akiwa ameridhika kabisa.

Jibu la pili lilikuwa ndugu wa la kwanza, na la tatu vilevile. Mama akasema koti lisikae bure huku Chepsaita kuna baridi, basi nikaanza kulivaa kazini juu ya lile jeupe. Lilifagia sakafu ya kituo chote. Watu wakauliza, na karani, ambaye siku nyingine hasemi maneno kumi, akaieleza foleni nzima kuanzia mwanzo: vyuo vitano, vitatu vimekataa, viwili bado. Tangu hapo kila aliyefika mbele aliuliza kwanza kama wamejibu, ndipo akanipa mtungi. Walioleta maziwa mabaya waliuliza kwa upole zaidi.

Katikati ya mwezi wa pili chuo cha nne kikaandika kwamba hawajanikubali na hawajanikataa. Wameniweka kwenye orodha ya kungoja. Cha tano hakikujibu kabisa, na mpaka leo sijui kama kipo. Nilimweleza karani juu ya hiyo orodha, akafikiri, kisha akaniambia kwamba kwa maziwa hakuna kitu kama hicho. Kufika saa nne yatakuwa yamejiamulia yenyewe.

Wiki hiyohiyo ndiyo nilipogombana na Shosho. Alikuwa mama mzee, wa wale ambao wazazi wao walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima huku, na kila mtu alimwita hivyo, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Alileta lita tatu tu, kwenye mtungi unaong'aa kuliko sahani za mama yangu. Siku mbili mfululizo nilizikataa. Laktomita ilisema hakuna maji, pua ilisema hakuna harufu, lakini kwenye spiriti yalifanya chembechembe. Lete tena kesho, nikamwambia, mara mbili. Siku ya tatu yakafanya chembechembe tena, na Shosho akaketi juu ya mtungi wake, katikati ya njia, akakunja mikono.

"Hii maziwa iko sawa," akasema. "Nimeikunywa asubuhi. Chemsha uone."

Nilimwambia sheria ni spiriti. Akasema yeye hakatai sheria, anakataa kutoka. Watu walikuwa wanamzunguka na mitungi yao kama maji yanavyozunguka jiwe. Nilipandwa na hasira, nikamwambia sawa, nitamweka kwenye orodha ya kungoja. Akauliza hiyo ni nini. Nikasema ni pale ambapo hujakubaliwa na hujakataliwa. Akasema basi atangoja hapo, na alingoja mpaka foleni ikaisha.

Karani alikuwa na jiko la mafuta ya taa la kupikia chai. Nilimwaga maziwa ya Shosho kwenye sufuria nikitaka yakatike mbele ya macho yake, nipate amani. Yalichemka, yakapanda, yakatulia, meupe na laini. Hayakukatika hata kidogo. Karani akayatazama, akaongeza majani na sukari, na sote watatu tukanywa ushahidi.

Hapo ndipo nilipouliza kitu ambacho ningeuliza siku ya kwanza, kama ningekuwa na dakika tatu badala ya mbili. Nikauliza habari za ng'ombe mwenyewe. Shosho akasema ana mimba ya miezi saba na bado anamkamua, maana lita tatu si haba. Basi jibu likapatikana. Ng'ombe akikaribia kuzaa maziwa yake hubadilika chumvi, na spiriti huyakamata hata kama hayajaharibika. Kiwandani yangeweza kusumbua, kwa hiyo sikuweza kuyapokea. Nilimweleza yote hayo, na nikamwambia aache kumkamua, ampumzishe mpaka azae. Alisikiliza vizuri. Alichotaka, nafikiri, ni kuambiwa.

Kisha akalitazama koti langu kutoka manyoya mpaka chini.

"Na wewe," akasema, "hao watu walikupima na nini?"

Nikamwambia walinipima kwa karatasi: alama zangu, barua tatu za walimu, na insha niliyoandika. Akauliza kama waliniona. Hapana. Wameniuliza neno? Hapana.

"Hiyo ni spiriti," Shosho akasema. "Waambie wachemshe."

Ni ushauri wa ajabu kuliko wote niliowahi kupewa, na niliufuata. Jioni hiyo nilikiandikia chuo cha nne barua pepe, nikaomba wanihoji ana kwa ana kwa simu ya video, hata dakika kumi. Walikubali. Nilishangaa kiasi kwamba nilimpigia mama, naye akaenda kununua glavu.

Mahojiano yalikuwa saa kumi jioni, na mtandao Chepsaita hukaa vizuri mahali pamoja tu, nao ni kando ya tangi. Karani akazima mashine ya baridi ili isingurume, akaangalia saa yake, akasema maziwa yatavumilia dakika ishirini na si zaidi. Shosho alikuja amevaa nguo za kanisani. Hakuna aliyemwita. Aliketi nyuma ya simu, mahali asipoonekana, mikono juu ya mapaja.

Profesa alikuwa mtu wa nywele zilizosimama, anakunywa kitu kwenye kikombe kikubwa. Aliniuliza juu ya utafiti nikamjibu nilivyokariri, akawa anaitikia kwa adabu. Kisha akauliza kila siku ninafanya nini. Nikachukua kijichupa, nikampimia maziwa palepale, akasogea mpaka uso wake ukajaa kioo. Akauliza itakuwaje kama kipimo kinakataa maziwa mazima. Nikamweleza habari ya ng'ombe. Alicheka kwa furaha, akaita mwenzake aje asikie. Shosho, ambaye Kiingereza chake ni maneno machache, alisikia ng'ombe akitajwa, akajua ni wake, akaingiza kichwa mbele ya simu na kuwasalimia wote wawili. Wakampungia mkono. Dakika ya kumi na tisa karani akawasha mashine na mahojiano yakaishia hapo, katikati ya kwaheri.

Nilijua nimepata. Sikusema "nafikiri nimepata." Usiku nililala usingizi wote, ladha ya chakula ikarudi, na hata maziwa niliyakataa kwa upendo. Mama alitangaza kanisani. Wiki zikapita, mwezi ukaisha, nami sikuwa na wasiwasi. Foleni ilishaanza kujadili nani atanirithi, na wengi walimtaka karani.

Ng'ombe wa Shosho alizaa katikati ya mwezi wa nne, ndama jike. Baada ya siku kumi Shosho akarudi kwenye foleni na mtungi wake unaong'aa, safari hii umejaa lita tisa. Nilinusa, nikatumbukiza laktomita, nikachanganya na spiriti. Laini. Nilimwonyesha kijichupa kwenye mwanga, na nyuma yake watu wakapiga makofi. Karani alikuwa anaandika lita zake wakati simu ilipolia juu ya tangi.

Barua ilianza kwa kusema walifurahi sana kuzungumza nami. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba barua inayoanza na furaha haina kitu ndani, lakini niliisoma yote, neno kwa neno, nimesimama. Walikuwa bado wanakumbuka mazungumzo yetu. Mwaka huu waliokubaliwa wote walikuwa wameitikia, na hakuna nafasi iliyobaki. Walivutiwa. Walisikitika. Nilifunga vifungo vyote vya lile koti, kuanzia chini mpaka kwenye manyoya.

Foleni yote, mpaka barabarani, ilikuwa inaitazama simu. Yule baba wa pikipiki, ambaye alikuwa wa tatu, akamuuliza karani, "Wanasema nini?"

Karani alinitazama kwanza. Nilimpa simu. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka chini.

"Wanasema hapana," akasema.

"Si wangesema tu."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, na kicheko kikageuka katikati ya njia, nikajikuta nalia mbele ya mitungi arobaini, daktari mzima. Hakuna aliyesema subira huvuta heri. Nadhani hilo ndilo jambo la adabu kuliko yote niliyotendewa mwaka ule.

Shosho hakuwa ameondoka. Aliushika mtungi wake mtupu, akanisogelea, akayapangusa manyoya ya shingoni mwangu kama mtu anayeondoa vumbi.

"Hata ng'ombe yangu haikuwa mbaya, daktari," akasema. "Ilikuwa karibu kuzaa."

Nikafuta pua kwa mkono wa koti la Amerika. Kisha nikasuuza kijichupa na kumwita aliyefuata, nikamuuliza kwanza ng'ombe wake anaendeleaje.