Mapanga Sita ya Milimita

Kazini walimwita Milimita, na jina lilimkaa kama shati la kupimwa. Alikuwa fundi wa meno bandia katika kliniki ya ghorofa ya pili, chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna jino lililotoka mikononi mwake bila kupimwa mara tatu. Aliamini kwamba kazi iliyofichika ndani ya kinywa cha mtu inastahili uaminifu uleule wa kazi inayoonwa na barabara nzima, na mimi nasema aliamini sawa.

Nyumbani alikuwa na ndege. Ilikuwa ndege ya plastiki ya kuunganisha, mfano wa ndege ya zamani ya abiria yenye injini mbili, na aliinunua ndani ya boksi lililochakaa pembe siku duka moja la vitabu lilipokuwa linafunga. Kiwanda kiliitoa kabla yeye hajazaliwa, na kilifanya kazi ya kubahatisha. Pua ilichongoka kama ya panya. Vifuniko vya injini vilikuwa vyembamba, magurudumu kama vifungo vya shati, na mapanga yanayozunguka mbele ya injini manene kama vijiko vya chai. Mtu mwingine angeunganisha, akapaka rangi, akaweka juu ya kabati na kushukuru. Milimita alitafuta michoro ya ndege halisi, akagawa kila kipimo kwa sabini na mbili, kwa kuwa mfano ulikuwa mdogo mara sabini na mbili, akaanza kutupa vipande visivyolingana.

Pua aliichonga upya kwa mti laini, akapasha kipande cha plastiki nyembamba juu ya jiko mpaka kikalegea, akakivuta juu ya ule mti kikapoa kikiwa na umbo lake. Vifuniko vya injini akavifanya hivyohivyo, na vya kwanza vitatu vikaungua. Chumba cha rubani, ambacho kiwanda kiliacha kitupu, alikitia viti viwili, usukani, na mikanda ya viti iliyokatwa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ingawa yeye mwenyewe havuti.

"Nani atauona huo mkanda?" mkewe aliuliza. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa upande wa pili wa meza hiyohiyo. "Ukishafunika paa, hata inzi hataingia kuukagua."

"Mimi nitajua upo."

"Haya. Mke mwenzangu wa plastiki, na bado anafungwa mkanda."

Milimita alikuwa na sheria moja asiyoivunja. Puti ni ya kuziba ufa kati ya vipande viwili vilivyo sahihi. Si ya kufunika kipande kibaya. Kipande kibaya kinatupwa.

Kisha mkono wa kulia ukaanza. Haukutetemeka wakati wote. Ulishtuka tu, kama mtu aliyeguswa usingizini, halafu ukatulia. Mara ya kwanza kiliruka kisu cha kuchongea nta, ile ambayo meno hupangwa ndani yake kwanza, akasema ni kahawa, akaacha kahawa. Mara ya pili akasema ni taa, akabadilisha taa. Kazini akaanza kuongeza nta kidogo pale kisu kilipokosea, kisha kuisugua ilingane. Ndege aliikatalia puti, lakini vinywa vya watu hakuvikatalia.

Jumatano moja mwanamke mmoja akarudi na meno yanayomng'ata ulimi. Daktari, mama mwenye kliniki, aliyaweka juu ya meza mbele ya watu wawili: Milimita, na nesi ambaye kazi yake ni kuchukua chapa ya kinywa cha mgonjwa ili fundi aifuate.

"Chapa ilichukuliwa vibaya," Daktari alisema. "Nesi, hii ni mara ya pili."

"Daktari, nilihesabu dakika. Mgonjwa hakusogea."

"Basi meno yamejisogeza yenyewe?"

Nesi akamgeukia Milimita. "Kaka, wewe uliiona ile chapa. Ilikuwa na kasoro?"

"Sikumbuki vizuri," alijibu.

Alikumbuka vizuri sana. Ilikuwa chapa safi, kila jino mahali pake. Hapo ndipo ninapomlaumu, wala sitafuti maneno laini.

"Jumatatu saa nne," Daktari akamwambia nesi, "nitaamua kama utaendelea na chapa au nikurudishe mapokezi."

Alhamisi na Ijumaa Milimita hakula vizuri. Akabuni mapatano na nafsi yake. Ndege ilibakiza mapanga sita, matatu kwa kila injini. Angeyakata mwenyewe kwa plastiki bapa, membamba, yenye msokoto mmoja. Yakilingana yote sita, mkono ni mzima, na kosa ni la nesi. Yasipolingana, atasema. Ndivyo mtu mwaminifu anavyokifanya kitu cha kuchezea kuwa hakimu wake.

Jumamosi asubuhi alikaa mezani. Panga la kwanza lilikatika shingoni. La pili wembe ulilipita. La tatu lilikuwa zuri mpaka dakika ya mwisho. Jasho lilimlowesha kwapa ingawa dirisha lilikuwa wazi. Baada ya la nne aliinuka, akakata ukanda wa mpira wa baiskeli, akafunga kifundo cha mkono juu ya gogo dogo la mbao. Akakata mapanga makubwa kuliko yanavyotakiwa, kisha akayapunguza kwa msasa, pumzi moja baada ya nyingine. Kufika adhuhuri mapanga sita yalikuwa mezani. Akayapima. Tofauti yake haikufika unene wa unywele.

"Mama, hebu njoo uone."

Mkewe akayapanga juu ya kitambaa cheusi, akayatazama kwa jicho la mshonaji. "Yamelingana kama kope. Mbona umejifunga?"

"Ili mkono utulie."

"Na kazini unaufunga?"

Milimita akaanza kuufungua ule mpira.

"Umesema mwenyewe mapanga yamelingana," akasema.

"Nimesema mapanga. Sijasema mkono. Wiki ya ngapi hii unashika kikombe kwa mikono miwili? Ulidhani nafikiri unasikia baridi?"

Jumapili ilikuwa ndefu. Fundi wa meno asiye na mkono ni nani? Aliliuliza hilo akiwa bafuni, akiwa amelala, akiwa anafunga kamba za viatu. Jumatatu alifika kliniki mapema kuliko mfagiaji. Nesi alimkuta kwenye benchi la wagonjwa, sare ya nesi imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Kaka, naingia saa nne," nesi alimwambia. "Niombee."

Milimita akainuka, akaingia kwa Daktari bila kubisha hodi.

"Ile chapa ilikuwa nzima. Meno niliyaharibu mimi. Mkono wangu unashtuka."

Daktari akavua miwani. "Nyoosha."

Akaunyoosha. Mkono ukatulia kama jiwe. Wakautazama wote wawili, saa ya ukutani ikigonga. Hakuna kidole kilichosogea.

"Mbona mzima?" Daktari akauliza. "Labda ulichoka siku ile. Sote tunachoka."

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa mbele yake, tena na mkubwa wake. Angeshukuru, angetoka. Nadhani wengi wetu tungetoka.

"Subiri kidogo, Daktari," alisema.

Wakasubiri. Bega likaanza kumuuma. Alikuwa anausubiri mkono wake umshuhudie dhidi yake mwenyewe, na aliogopa kwamba hautashuhudia. Ndipo kidole cha shahada kikaruka, mara mbili.

Daktari aliandika barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Mpaka majibu yaje, Milimita asishike kisu. Atakoroga plasta ya jasi na kuimimina kwenye chapa ipate umbo la kinywa. Kisha nesi akaitwa, akaambiwa yote Milimita akiwa amesimama palepale.

"Siku tano, kaka," nesi alisema. "Siku tano sijui usingizi."

"Nisamehe, dada."

"Sijui. Niulize wiki ijayo."

Saa tano nesi alimletea Milimita chapa ya mgonjwa wa kwanza wa siku hiyo, ingali na unyevu. Hakuiachia mpaka alipoona Milimita ameishika sawasawa.