Waifai ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ana dini yake na ana Linux yake, ule mfumo wa kompyuta wa mafundi, na sina hakika ni ipi anayoiamini zaidi. Nilifikia kwake Miyuji, mjini, kutoka kijijini Kibakwe kwa ajili ya usaili wa kazi, uliofanyika kwa mtandao, maana kwetu mtandao unasumbua. Nilikuwa nimesubiri ajira tangu nimalize chuo. Nafasi ile ikinipita, narudi kulima alizeti.

Asubuhi ya usaili laptop yake ilishika waifai bila shida, na hilo lilimkera. Alisema programu iliyokuja na mfumo ni nzito, ya watu wavivu. Kuna nyingine nyepesi, haina hata vitufe, unaandika amri tu. Na kuna ya tatu, hodari wa kukumbuka nywila. Alizilinganisha mpaka chai ikapoa, kwa uzito wa mtu anayegawa urithi. Zote tatu zina kazi moja: kuunga waifai. Sijawahi kusikia upuuzi uliopangwa vizuri namna ile.

“Shemeji, si inashika? Iache.”

“Inashika, lakini haishiki kitaalamu.”

Akaweka ile nyepesi. Ya zamani hakuitoa, maana watu wa aina yake hawatoi kitu; stoo yake imejaa redio mbovu anazoziita akiba. Basi programu mbili zikawa zinagombea kifaa kimoja, hii ikiunga, ile inakata.

Usaili ukaanza kwenye laptop hiyo hiyo, na wasaili walinikaribisha vizuri. Swali la kwanza nililijua kabisa, nikaanza kujibu, sura zao zikaganda. Zikarudi. Zikaganda tena.

“Dada, hatukusikii,” mmoja alisema.

Nikanyoosha mkono nichukue simu yangu, nitumie bando langu la kimaskini. Shemeji akaisogeza pembeni. Alikuwa ameniinamia, anaandika amri zake, kiwiko kimeziba kamera, na uso wake una furaha ambayo sitamsamehe.

“Tulia kidogo, utaona tofauti.”

Alipoizima ile ya zamani, waifai ikatulia. Ujumbe wa wasaili ukaingia papo hapo: wananishukuru kwa muda wangu, wameshaendelea na mwingine.

Shemeji aliusoma nami, neno kwa neno.

“Umeona ulivyofika haraka?” aliniuliza.