Chetezo cha Khitma ya Babu

Mambo ya gesi nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu, na tangu hapo sijalala vizuri. Kila jioni napaka maji ya sabuni kwenye mpira wa mtungi nione kama patatoka mapovu. Nyumbani kwetu Kibiti wamenizoea. Nikisema nasikia harufu, mtu anaongeza sukari kwenye chai yake na mazungumzo yanaendelea.

Siku ya khitma ya babu nilisikia harufu kweli. Mvua ilikuwa imenyesha, madirisha yamefungwa, wanaume wameketi jamvini barazani. Ndani wanawake walikuwa wanamenya vitunguu saumu, kwa hiyo hata pua yangu sikuiamini. Nikapaka sabuni. Mapovu yakatoka pale panya alipoutafuna mpira. Nikafunga mtungi, lakini gesi ilishajaa ndani. Nikawaomba wanawake watoke nje. Wakaniomba kisu kingine.

Bibi alikubali kwamba kunanuka. Alisema panya amefia darini, na wageni hawawezi kusomea kwenye uvundo. Akaenda uani kwenye moto wa pilau, akarudi hadi mlangoni na chetezo kimejaa makaa mekundu, ubani kiganjani.

"Bibi, usiingie nacho. Gesi itawaka."

"Mke mwenzangu, leo ni khitma ya mume wetu. Nipishe."

Kumsukuma bibi hakufanyiki. Nikampokea chetezo kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayepokea mzigo, nikaondoka nacho. Nilizunguka nyumba, nikapita mbele ya wanaume, nikaelekea barabarani. Mmoja alinisalimia. Niliitikia.

Bibi alinifuata akiita mwizi. Wanawake wakamfuata bibi, visu mkononi, wasipitwe. Video zote zinasema kwanza watoe watu nyumbani. Hakuna iliyosema namna.

Nikakiweka chetezo chini ya mkorosho, ng'ambo ya barabara, nikarudi mbio kufungua madirisha. Nilikuwa nalia, jambo ambalo nyumbani nimelikana mpaka leo. Bibi alikuja nyuma yangu, akasimama mlangoni, akavuta pumzi. Sasa alikuwa anatoka kwenye hewa safi, na gesi akaisikia. Akawaamuru wanaume wahamishe jamvi.

Khitma ilisomwa chini ya mkorosho, bodaboda zikipunguza mwendo kututazama. Aliyeuliza kwa nini nje, bibi alimjibu kwamba marehemu alipenda hewa.