Mzee Aliyechemsha Chai kwa Unga wa Chuma

Mzee mmoja wa Kiembeni alizikwa Jumamosi iliyopita, nami nilifika watu wakikunja turubai. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya upili hadi alipostaafu, na karakanani kwangu Changamwe tulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Hakuwa rafiki yangu, na sitajifanya leo kwamba alikuwa. Alikuwa mtu wa kuja kuomba takataka. Kila Ijumaa alifika na kopo la maziwa ya unga, akachutama chini ya grenda, akazoa lile vumbi jeusi linalodondoka tukilainisha chuma, akalichuja kwa kichujio cha chai, akaenda zake.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnanijua: niliacha shule darasa la sita, nikaanza kwa kubeba mitungi ya gesi ya watu, na leo tembea Changamwe yote uangalie mageti, ukikosa langu njoo unitukane. Mtu wa namna hiyo hafundishwi chuma. Siku moja nikamuuliza, "Mwalimu, wewe vumbi hilo walipeleka wapi? Wapikia?" Mafundi wakacheka. Akajibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo, nataka kupikia. Chuma ni kuni, mwanangu." Nikamwambia nimechomelea chuma miaka ishirini, kinayeyuka, hakiungui. "Nondo haiungui," akasema, "kwa sababu hewa yaigusa ngozi tu, na joto likija lazama tumboni likapotea. Isage iwe unga, kila chembe ipate hewa yake pande zote, uone kama haitawaka."

Sasa, sisi wa karakana tuna desturi yetu ya kufagia: hatufagii. Jioni fundi huchukua mpira wa kompresa akapuliza, vumbi likaruka hadi barabarani, kazi imekwisha. Mwalimu alipoona hayo aliukamata ule mpira kwa mikono miwili. "Msipulize na mwenzenu yuwachomelea! Mtaiwasha hewa!" Nikamjibu mbele ya wafanyakazi wangu, "Mzee, hapa ni kwangu. Nenda kafundishe kwako." Akaaga vizuri, akaondoka. Ijumaa tatu hatukumwona. Wiki ya nne vumbi la miezi lilipulizwa kutoka juu ya kenchi za paa, likakutana na cheche, na hewa yenyewe ikawaka: mwako mmoja wa rangi ya dhahabu, kisha kimya. Fundi wangu bora alipoteza nyusi na ngozi ya mkono mmoja. Mkono ulipona. Nyusi zimerudi, upande mmoja zaidi ya mwingine.

Sijui nani alimpasha Mwalimu habari. Kesho yake alikuja na fagio mbili za chelewa. Hakusema "niliwaambia", aliuliza tu mkono u hali gani. Baada ya majuma machache akaja na kile alichokuwa akikiunda muda wote: bomba lenye feni ndogo iliyopuliza unga wa chuma kidogo kidogo, ukipita kwenye moto wa gesi. Bomba lilipopata moto, akafunga gesi. Unga ukaendelea kuwaka wenyewe, cheche tupu, hakuna moshi, na sufuria ya chai ikachemka mbele yetu. Kisha akakusanya vumbi lililobaki. "Hii ni kutu. Nilijaribu nyumbani nikaipima, yazidi uzito wa unga niliotia." Nikasema tangu lini majivu yakashinda kuni? "Kuni huondoka na moshi wake," akasema. "Chuma hakiendi popote. Chaishika hewa kikakaa nayo. Ukikinyang'anya hewa hiyo charudi kuwa chuma tena, ukawasha mara ya pili." Akaeleza kwamba ng'ambo wapo wanaojaribu kuendesha viwanda kwa njia hiyo, wakitumia nguvu ya jua kuirudisha kutu kuwa chuma. "Jua tunalo, kutu tunayo. Twakosa nini?"

Akanimiminia kikombe, akanitazama. Nilijua anangoja nini: neno moja tu, mbele ya watu wale wale niliomfukuza mbele yao. Nikaonja, nikasema, "Sukari kidogo." Mafundi wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, ila si sana.

Aliendelea kuja kila Ijumaa, nami niliendelea kujiambia iko siku. Sisi tuliopanda kwa mikono yetu tuna ugonjwa huu. Tunadhani aliyetupita kwa akili lazima pia awe ametupita kwa nyumba na gari, na akija na kopo tunamhesabu pamoja na vumbi analozoa. Ukweli hutugusa ngozi tu, tumbo linaumeza. Jumamosi, nikiwa bado natafuta mahali pa kukaa, binti yake alinifuata na lile kopo. "Baba alisema hii kutu ni ya chai yako. Alisema utaijua." Nimeliweka juu ya meza ninapoandikia. Ni zito kuliko linavyoonekana.

Karakanani tunafagia kwa chelewa tangu mwaka ule wa mwako, kwa hiyo mkono wangu ulikubali zamani. Mdomo ndio uliochelewa, kama ulivyochelewa mazishi. Asubuhi hii nimewaita mafundi wote nikawasomea haya kabla ya kuyatuma, na yule wa nyusi akainamisha kichwa. Mtu akisimama mbele yako akingoja haki yake ya neno moja, mpe chai ingali moto. Mwalimu, ulisema kweli, mimi nilikosea. Na sukari ilitosha.